Baki, Mizani na Desimali Zinazojirudia: Hesabu za Kichwa katika Kiswahili

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza mbinu za kugeuza sehemu kuwa desimali bila kalamu wala karatasi. Huenda msomaji akauliza jambo hili linaihusu vipi taaluma ya Kiswahili. Linaihusu kwa sababu hesabu ya kichwa hufanyika kwa maneno: asiye na karatasi huzibeba tarakimu kwa majina yake.

Kiswahili kina majina ya sehemu yaliyotokana na Kiarabu: theluthi, robo, humusi, sudusi, subui, thumuni, tusui. Kati ya hayo, theluthi, sudusi, subui na tusui hazina desimali inayokoma. Desimali hukoma pale tu ambapo asili, yaani namba ya chini ya sehemu iliyokwisha kurahisishwa, haina vigawo tasa vingine ila 2 na 5. Katika mafungu sita ya mirathi ya Kiislamu, matatu (theluthi mbili, theluthi na sudusi) hayakomi. Anayeyagawa kwa desimali hubakiwa na senti zisizo na mwenyewe.

2.0 Subui na mizani yake

Tukigawa 1 kwa 7 tunapata mabaki 3, 2, 6, 4, 5, kisha 1 tuliyoanza nayo. Baki likirudi, tarakimu nazo hazina budi kurudi. Hiyo ndiyo sababu ya 0.142857142857... kutokuwa na mwisho.

Kuikumbuka si kazi ngumu. Anza na 14, izidishe kwa 2 upate 28, kisha 56, kisha 112. Ile 1 ya mbele ya 112 huingia katika 56 na kuifanya 57. Sikio nalo husaidia. Majina yetu ya tarakimu, kuanzia moja hadi tisa, yote yana mizani mbili; sifuri pekee ina tatu. Kwa hiyo "moja nne mbili" ni mizani sita, na "nane tano saba" ni sita vilevile, kama ukwapi na utao. Tena vipande hivyo hukamilishana: 142 na 857 ni 999. Ajuaye kimoja anacho cha pili.

Kwa subui nyingine, zipange tarakimu kwa ukubwa: 1, 2, 4, 5, 7, 8. Subui tatu huanzia tarakimu ya tatu, yaani 4, na kuendelea kwa mzunguko uleule: 0.428571...

Hapa ndipo tunapotofautiana na wanaofundisha mbinu kama kiinimacho. Mwanafunzi aliyekaririshwa kanuni hii ataipeleka kwenye asili 13, naye atapotea. 1/13 ni 0.076923..., lakini 2/13 ni 0.153846..., tarakimu ambazo hazitokani na mzunguko wa kwanza. Mabaki 12 ya asili 13 yamegawanyika katika makundi mawili ya sita sita yasiyokutana. Aliyefundishwa habari za baki hulitambua hilo mapema. Aliyefundishwa wimbo tu hana la kumwonya.

3.0 Njia ya tisa

Njia iliyo rahisi kuliko zote ni kuitafuta 9, 99 au 999 katika asili. 3/11 ni 27/99, hivyo 0.2727... Vilevile 27 mara 37 ni 999. Kwa hiyo 5/37 ni 135/999, yaani 0.135135..., na 4/27 ni 0.148148... Ubadilishanaji huu wa 27 na 37 haufundishwi vya kutosha, ingawa unahitaji kuzidisha mara moja tu.

4.0 Suala la istilahi

Kundi la tarakimu zinazojirudia linahitaji jina. "Kipindi" halifai: darasani neno hilo limekwisha kuchukuliwa na ratiba ya masomo. Tunapendekeza "mzunguko", kwa kuwa huchukua viambishi bila taabu: asili 7 ina mzunguko mmoja, asili 13 ina mizunguko miwili. Urefu wake uhesabiwe kwa tarakimu, si kwa mizani, maana sifuri ya 076923 hukifanya kipande cha kwanza kuwa na mizani saba, ilhali cha pili kina sita.