Wanafunzi wa kimataifa: je, mwanao yumo?

Ndugu mzazi, katika mwaka wa masomo 2023/24 India ilikuwa na wanafunzi 331,602 kwenye vyuo vya Marekani, na China 277,398. Nepal ilikuwa na zaidi kidogo ya 16,000. Usihukumu haraka. India ina watu zaidi ya bilioni 1.4, Nepal kama milioni 30. Chukua kalamu ugawanye: kwa kila watu 100,000, India imepeleka kama 23, Nepal zaidi ya 50. Nchi ndogo imeipita kubwa mara mbili!

Sasa tazama nani hayumo. Hao wamekuja kwa viza ya muda, na serikali kuu haiwapi msaada wa kulipia chuo. Mwanao aliyeingia kama mkimbizi hahesabiwi humo, hata kama lafudhi yake inawafanya watu wadhani yumo. Yeye anaruhusiwa kujaza FAFSA. Kwa hiyo fomu ya chuo ikiuliza kama ni mwanafunzi wa kimataifa, asitie alama hapo; achague mkimbizi, au mkaaji wa kudumu ikiwa ameshapata green card. Alama moja tu mahali pasipo pake inaweza kumfungia msaada huo. Akienda ofisini kwao, abebe I-94 yake.