SOMO LA ROBO HII: Masikio Imara ya Kuvutia Gari Katika Ngao ya Winchi



Mkoa wa Singida una msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Wakati wa kiangazi gari la parokia hupita karibu kila mahali. Mvua ikianza, udongo mweusi wa mbugani, hasa kuelekea bonde la Wembere katika wilaya za Iramba na Mkalama, hunyonya maji, huvimba na kuteleza kama sabuni. Gari lililobeba saruji ya darasa Jumatatu ndilo litakalobeba mama mwenye uchungu usiku wa Alhamisi. Likikwama, kinachosubiri si saruji peke yake.

Ngao ya dukani ni ghali, hivyo kamati nyingine huamua fundi wa hapa hapa atengeneze ngao ya mbele ya chuma na kufunga winchi juu yake. Huo ni uamuzi mzuri, na mafundi tunao. Lakini kuna jambo moja ambalo husahaulika kwa urahisi: masikio, yaani vipande vya chuma nene vyenye tundu, ambapo kamba ya kuvutia hufungwa.

Kwa nini masikio, wakati winchi ipo?

Siku gari jingine litakapokuja kuwavuta, kamba yake itafungwa wapi? Na pale waya wa winchi unapozungushwa kwenye kapi lililofungwa mtini ili kuongeza nguvu, ncha yake hurudi kwenye gari lenu. Inashikwa na nini? Pasipo sikio, dereva hufunga kwenye bomba la ngao. Bomba likichomoka wakati waya umekaza, kipande hicho huruka kama jiwe la manati. Watu wamewahi kufa kwa namna hiyo katika nchi mbalimbali.

Nguvu inayohitajika

Wazoefu wa kazi hii hutumia kipimo hiki cha kukadiria: tope likifika kwenye ringi, nguvu ya kuvuta hukaribia uzito wa gari, likifika katikati ya gurudumu, ni mara mbili, likigusa bodi, ni mara tatu. Kwa hiyo gari lenye uzito wa tani 3 pamoja na mzigo laweza kudai tani 6 au hata 9. Funzo la kwanza ni kuchimba tope kwa chepe kabla ya kuvuta. La pili ni kwamba sikio la kubahatisha halifai.

Namna ya kutengeneza

1. *Sikio lenyewe.* Tumia bamba la chuma la unene wa milimita 20. Pingu, yaani chuma chenye umbo la U na pini ya kukaza, iwe imeandikwa tani 4.75 na pini yake huwa na milimita 22. Toboa tundu la milimita 25. Chuma kinachobaki kuzunguka tundu kisipungue upana wa tundu hilo. Nondo iliyokunjwa na kuchomelewa si sikio.

2. *Njia ya nguvu.* Sikio lisibandikwe usoni mwa ngao. Lipenye kwenye ngao, lichomelewe mbele na nyuma, na liungane na bamba linalofungwa kwenye chasisi. Uso wa ngao hufunika tu; chasisi ndiyo inayobeba.

3. *Bolti.* Kila upande uwe na bolti zisizopungua 4 za milimita 12, zenye alama 8.8 kichwani. Bolti moja ya namna hiyo hukatika kwa kuvutwa moja kwa moja kwa karibu tani 6.8, lakini ikikatwa kwa ubavu huhimili pungufu ya hapo. Bolti isiyo na alama msiipokee. Kama chasisi ina uwazi ndani, wekeni kipande cha bomba ambamo bolti itapita, ili kukaza kusiibonyeze chasisi.

4. *Kuchomelea.* Kutu na rangi viondolewe kwanza, na nyaya za betri zifunguliwe. Fundi asitoboe wala kuchomelea kingo za juu na chini za chasisi. Mabati yenye zinki yasichomelewe bila kuondoa zinki, kwa kuwa moshi wake hudhuru.

5. *Masikio mawili.* Yakae sambamba na mihimili miwili ya chasisi, ili mkanda mmoja ugawanye mzigo. Mkanda uwe mrefu. Pembe kati ya pande zake ikiwa nyuzi 60, kila sikio hubeba asilimia 58 ya mzigo. Pembe ikifika nyuzi 120, kila sikio hubeba mzigo wote kana kwamba liko peke yake.

Kujaribu kabla ya mvua

Pakeni mafuta ya taa mahali palipochomelewa, subirini kidogo, futeni, kisha pakeni unga wa chaki. Mstari wa unyevu ukijitokeza kwenye chaki, hapo pana ufa. Chora mstari wa rangi kutoka kwenye bolti hadi kwenye bamba, halafu gari livutwe taratibu uwanjani. Mstari ukikatika, bolti imesogea. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na huku mbugani, ukuta huo hujengwa usiku wa manane.

Siku ya kuvuta, watu wote wakae mbali kuliko urefu wa waya. Blanketi zito liwekwe katikati ya waya. Kamba isifungwe kwenye mpira wa kuvutia tela, wala kwenye vijicho vidogo vya kufungia gari melini.

Kwa kamati na wafadhili

Bajeti ya winchi isiishie kwenye winchi. Andikeni pia mabamba, bolti zenye alama, pingu mbili, mkanda, kapi na chepe. Picha ya winchi mpya hupendeza kwenye taarifa, lakini picha ya nyuma ya ngao, inayoonyesha bolti na chasisi, ndiyo inayomhakikishia mfadhili kwamba fedha yake itamtoa mgonjwa kwenye tope. Tunawaomba wafadhili waiombe picha hiyo, na kamati ziipige kabla rangi haijapakwa.

Maswali ya kujadili kikaoni

- Gari letu lina masikio mangapi, na yameshikwa na nini?
- Nani amekagua alama za bolti kwa macho yake?
- Dereva na msaidizi wake wamefundishwa mahali pa kusimama?
- Ukaguzi ujao ni lini, na nani atauandika kwenye daftari la gari?