Njeo na Hali katika Masimulizi: Msimu wa Kwanza wa Ligi ya Kulipwa ya Japani

Katika sura iliyotangulia tuliviorodhesha viambishi vya njeo na hali, kila kimoja pamoja na mfano wake. Orodha ile ni ya lazima, lakini haitoshi. Mwalimu mtarajiwa anaweza kuikariri yote, kisha akashindwa kusahihisha insha ya ukurasa mmoja, kwa kuwa katika insha viambishi haviji kimoja kimoja. Vinakuja kwa kutegemeana, na maana ya kimoja hukamilishwa na kile kilichokitangulia.

Matini tutakayoichambua inahusu mpira wa miguu, na tumeitafuta mbali kwa makusudi. Tuwapapo wanachuo habari ya mechi ya Simba na Yanga, au ya Gor Mahia na AFC Leopards, wengi huwa wanajua tayari nani alishinda. Wakikutana na kiambishi wasichokielewa, hujaziliza kwa kumbukumbu zao, nasi tunabaki tukidhani kwamba wameelewa. Msimu wa mwaka 1993 huko Japani hauwapi msaada huo. Msomaji asiyejua matokeo hana budi kutegemea kitenzi. Basi na aisome matini ifuatayo mara mbili kabla ya kuendelea.

MATINI

Kabla ya mwaka 1993, klabu kubwa za Japani zilikuwa timu za kampuni. Tangu mwaka 1965 zilikuwa zikishiriki ligi ambayo wachezaji wake wengi walikuwa waajiriwa wa kampuni hizo. Ligi mpya ya kulipwa, J.League, ilipoundwa, mwenyekiti wake Saburo Kawabuchi alisisitiza kwamba klabu ziache majina ya kampuni na zijitambulishe kwa miji yao. Timu ya kampuni ya chuma ya Sumitomo ikawa Kashima Antlers, ya Yomiuri ikawa Verdy Kawasaki, ya Mitsubishi ikawa Urawa Red Diamonds. Klabu zilizoanza zilikuwa kumi.

Mechi ya ufunguzi ilichezwa Tokyo tarehe 15 Mei 1993 mbele ya watazamaji 59,626. Mholanzi Henny Meijer wa Verdy alifunga bao la kwanza katika historia ya ligi hiyo. Yokohama Marinos wakasawazisha, kisha Ramón Díaz wa Argentina akawafungia la pili, na Verdy wakaanza msimu kwa kushindwa 2-1. Siku iliyofuata Zico, Mbrazili aliyekuwa ametimiza miaka 40, aliifungia Kashima mabao matatu walipoichapa 5-0 Nagoya Grampus Eight, timu iliyokuwa imemsajili Mwingereza Gary Lineker.

Msimu uligawanywa katika duru mbili, kila moja ikiwa na mechi 18 kwa kila timu. Katika mechi za duru hizo sare haikukubaliwa. Timu zikitoshana nguvu baada ya dakika 90, ziliongezewa muda, na bao la kwanza katika muda huo liliumaliza mchezo. Bao lisipopatikana, zilipigiana penalti. Kashima walitwaa duru ya kwanza, Verdy wakatwaa ya pili. Urawa walishika mkia katika zote mbili.

Msimu ulikuwa haujamalizika Wajapani walipopata pigo ambalo hawajalisahau. Tarehe 28 Oktoba 1993, mjini Doha, timu yao ya taifa ilikuwa ikiongoza 2-1 dhidi ya Iraki, na ushindi huo ungeipeleka kwenye Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza. Katika dakika za majeruhi Iraki wakasawazisha.

Bingwa wa ligi alipatikana kwa mechi mbili za fainali, zote zikichezwa Tokyo mwezi Januari 1994. Tarehe 9 Verdy waliwashinda Kashima 2-0. Tarehe 16 Kashima walikuwa wametangulia kwa bao la Alcindo wakati mwamuzi alipowapa Verdy penalti. Zico, ambaye alikuwa ameshaonyeshwa kadi ya njano, akausogelea mpira uliokuwa umetengwa, akautemea mate. Mwamuzi akamwonyesha kadi ya pili, akamtoa. Kazuyoshi Miura akapiga, akafunga. Mechi ikaisha 1-1, na Verdy wakawa mabingwa kwa jumla ya mabao 3-1.

UCHAMBUZI

Kiambishi -ka- na nguzo yake

Tuanze na aya ya pili. Kitenzi kinachoiweka habari katika wakati uliopita ni *alifunga*. Vinavyofuata, yaani *wakasawazisha*, *akawafungia* na *wakaanza*, havisemi lolote kuhusu wakati. Vinasema tu kwamba tendo hili lilikuja baada ya lile. Wakati wao wameuazima kwa *alifunga*, nasi tutakiita kitenzi hicho nguzo. Ndiyo maana insha inayofunguliwa kwa "Timu ikaingia uwanjani" humwacha msomaji akiwa ananing'inia: hana nguzo ya kushika.

Vitabu vingi vya shule hukiita -ka- kiambishi cha wakati uliopita. Jina hilo linapotosha. Msomaji makini atakuwa ameona kwamba katika aya ya kwanza kabisa ya sura hii tuliandika "anaweza kuikariri yote, kisha akashindwa". Hapo hapana wakati uliopita wowote. Nguzo ni *anaweza*, na -ka- imefuata mkondo wake. Ni hivyo pia katika "Nenda ukamwone mwalimu" na "Huenda akafunga". Mfuatano ndio maana ya msingi ya -ka-.

Kwa kuwa -ka- hutegemea mfuatano, mpangilio wa vishazi ni sehemu ya maana. Linganisha:

(1) Zico akautemea mate mpira, mwamuzi akamtoa.
(2) Mwamuzi akamtoa Zico, akautemea mate mpira.

Katika (1) mchezaji ametenda kosa, naye akaadhibiwa. Katika (2), tukidhani kwamba kiima cha kitenzi cha pili ni Zico, mchezaji ametolewa kwanza, kisha akatema mate kwa hasira. Kosa lililomtoa halijulikani, na msomaji anaweza kumshuku mwamuzi. Isitoshe, kiambishi a- chaweza kumrejelea mwamuzi mwenyewe, na hapo ndipo mambo yanapoharibika kabisa! Maneno ni yaleyale, lakini hukumu imegeuka. Mwandishi anayetaka kutanguliza tokeo na kuchelewesha sababu hana ruhusa ya kutumia -ka-. Atalazimika kusema:

(3) Mwamuzi alimtoa Zico, ambaye alikuwa ameutemea mate mpira.

Ukanushi wa -ka- huwasumbua hata wazawa wa lugha. Hatusemi *hawakasawazisha*. Katika masimulizi fasaha tendo lisilotukia hukanushwa kwa -si- ya dhamira tegemezi: "Nagoya walitafuta bao, wasilipate." Muundo huu unapungua katika magazeti ya leo, ambayo hupendelea "lakini hawakulipata". Sisi tunaona ni hasara, ingawa hatumsahihishi mwanafunzi anayeandika hivyo.

Kiambishi -me- si cha leo, na -li- si cha jana

Hapa tutakaa kwa muda, kwa sababu hapa ndipo wanafunzi wa nchi zetu wanapokwama zaidi. Luganda, Kirundi na Kinyarwanda hutofautisha wakati uliopita wa karibu na ule wa mbali: tendo la leo lina umbo lake, la jana na la zamani lina lake. Mwanafunzi aliyelelewa katika mojawapo ya lugha hizo huutafuta mgawanyo huo katika Kiswahili. Asipouona, huubuni. Humpa -me- kazi ya leo na -li- kazi ya zamani, na hakuna anayemwambia kwamba amekosea, kwa kuwa mara nyingi sentensi zake hutoka sawa kwa bahati.

Njia ya kumwondoa katika dhana hiyo ni mifano miwili. "Leo asubuhi nilikunywa chai" ni sahihi, japo tendo ni la leo. "Nyanya yangu amezeeka" ni sahihi, japo hakuzeeka leo. Kiambishi -li- huliweka tendo zima nyuma yetu. Kiambishi -me- husema kwamba tendo limekamilika na hali iliyotokana nalo ingali ipo katika wakati unaozungumzwa. Wakati huo si lazima uwe sasa. Ukihamishwa nyuma kwa kitenzi kisaidizi *-kuwa*, tunapata *walikuwa wametangulia*:

(4) Kashima walikuwa wametangulia kwa bao moja Verdy walipopata penalti.
(5) Kashima walitangulia kwa bao moja Verdy walipopata penalti.

Sentensi ya (4) inatupa picha kamili: penalti inatolewa, na kwenye ubao wa matokeo Kashima wako mbele. Sentensi ya (5) inayaweka matendo mawili bega kwa bega, kana kwamba Kashima walipata bao kwa sababu ya penalti ya wapinzani wao, au wakati uleule. Anayeujua mchezo huo atairekebisha kichwani mwake. Asiyeujua atapotea.

Tulimtembelea mwanachuo mmoja katika mazoezi ya kufundisha, tukakuta amekata kwa kalamu nyekundu sentensi ya mwanafunzi iliyofanana na (4). Pembeni alikuwa ameandika: "Vitenzi viwili vya njeo mbili haviwezi kufuatana." Mwanafunzi alipoteza alama mbili, na katika insha iliyofuata hakuthubutu tena kutumia *alikuwa ame-*. Insha ile ya pili tuliisoma. Ilikuwa haina kosa hata moja kwa kipimo cha mwalimu wake, na ilikuwa haieleweki. Mwanachuo yule hakuwa mvivu. Alifuata orodha tuliyomfundisha sisi wenyewe, ambamo -li- ilikuwa na mstari wake na -me- ilikuwa na wake, wala haikuonyeshwa popote kwamba huweza kukaa katika kirai kimoja. Sura hii imeandikwa kwa sababu ya alama zile mbili.

Katika matini tumetumia muundo huu mara kadhaa: *aliyekuwa ametimiza*, *iliyokuwa imemsajili*, *alikuwa ameshaonyeshwa*, *uliokuwa umetengwa*. Mfano wa tatu ni muhimu kuliko yote. Bila *ameshaonyeshwa*, msomaji hawezi kueleza kwa nini kadi moja zaidi ya njano ilitosha kumtoa mchezaji. Kinyume cha -me- katika ukanushi ni -ja-, nayo huhamishwa nyuma kwa njia ileile: *Msimu ulikuwa haujamalizika*.

Kiambishi -ki-

Kiambishi hiki hakihitaji maelezo marefu. Kinaonyesha tendo linaloendelea katika *zilikuwa zikishiriki* na *ilikuwa ikiongoza*. Kinaonyesha sharti katika *timu zikitoshana nguvu*, na ukanushi wa sharti hilo ni -sipo-: *bao lisipopatikana*. Mwanafunzi alinganishe *ilikuwa ikiongoza* na *iliongoza*. Habari ya Doha inauma kwa sababu ya -ki-, kwa kuwa uongozi ule ulikuwa bado unaendelea Iraki waliposawazisha.

Masharti yasiyotimia

Rejea matokeo ya fainali. Verdy walikuwa na mabao mawili kutoka mechi ya kwanza. Katika mechi ya pili, kabla ya penalti, Kashima walikuwa na bao moja. Kwa hiyo:

(6) Kashima wangalipata bao la pili, wangalisawazisha jumla ya mabao.

Sentensi hii inatueleza mambo mawili ambayo haikuyataja: bao la pili halikupatikana, na jumla haikusawazishwa. Hiyo ndiyo kazi ya -ngali-. Kwa -nge-, sharti linaweza kuwa bado wazi: mtangazaji aliye uwanjani huku mchezo ukiendelea angesema "Wangepata bao moja tu, mambo yangebadilika". Katika mazungumzo ya leo wengi hutumia -nge- kwa yote mawili, na hatuoni sababu ya kugombana nao. Katika maandishi ya darasani, tunadai kwamba kiambishi kilichoanza katika kishazi cha kwanza ndicho kimalizie katika cha pili. *Wangepata... wangalisawazisha* ni mchanganyiko usiokubalika. Ukanushi uwe *wasingalipata*, wala si *hawangalipata*. Neno *kama* mbele ya muundo huu halihitajiki, ingawa si dhambi.

Upatanisho wa majina ya timu

Huenda umeona kwamba tumeandika "Kashima walitwaa", kwa upatanisho wa watu, lakini pia "aliifungia Kashima" na "walipoichapa Nagoya", kwa upatanisho wa *timu*. Hatukupitiwa. Watangazaji wa mpira husema hivyo kila siku: timu inapotenda huonwa kama kundi la watu, na inapotendwa mara nyingi huonwa kama kitu kimoja. Tumeandika pia "waliwashinda Kashima", nayo ni sahihi. Kosa ni kuchanganya upatanisho wa kiima kilekile ndani ya sentensi moja: *Verdy walishinda na ikawa bingwa*.

MAZOEZI

1. Andika upya aya ya mwisho ya matini ukianza na sentensi hii: "Verdy walikuwa mabingwa." Matukio yote yabaki, wala mpangilio halisi wa kutokea kwake usibadilike. Eleza ni vitenzi vipi vilivyokulazimu kuacha -ka-, na kwa nini.

2. Mwanafunzi ameandika: "Mwaka 1993 Urawa wameshika mkia, kwa sababu wanafungwa mechi nyingi." Sahihisha sentensi hii, kisha andika maelezo yasiyozidi mistari mitatu utakayompa mwanafunzi huyo bila kutumia neno *njeo*.

3. Taja nguzo ya kila -ka- iliyomo katika aya ya kwanza ya matini. Je, *ikawa* katika aya hiyo ina uzito uleule na *wakasawazisha* katika aya ya pili? Jadili na mwenzako.

4. Chukua lugha yako ya kwanza. Eleza inavyosema sentensi ya (4) na ya (5), na kama inaweza kuzitofautisha. Kisha tabiri kosa moja ambalo wanafunzi wa eneo lako watalifanya katika Kiswahili kutokana na jibu lako.

5. Tunga sentensi tatu zenye -ngali- kuhusu mechi ya Doha. Mwenzako asome sentensi hizo peke yake, bila matini, kisha aandike kilichotokea. Kama amekosea, tafuteni pamoja kiambishi kilichompoteza.