Umbali na Muda wa Safari: Helsinki hadi Tokyo

Mtu aitazamapo ramani ya ukutani hudhani kuwa njia fupi kutoka Helsinki, Ufini, hadi Tokyo, Japani, ni mstari ulionyooka uteremkao kuelekea kusini-mashariki. Na achukue uzi, auvute juu ya tufe la dunia baina ya miji hiyo. Uzi utapanda kwanza kaskazini, ufike latitudo ya digrii 67 katika Siberia, ndipo uteremke hadi Japani. Uzi hausemi uongo. Ramani ndiyo iliyolitandaza tufe juu ya karatasi bapa.

Ikipimwa kutoka kitovu cha dunia, miji hiyo imeachana kwa pembe ya digrii 70.3. Kila digrii ni sawa na kilomita 111 hivi juu ya uso wa dunia, kwa hiyo umbali ni takriban kilomita 7,800. Mstari ulionyooka wa ramani ya mabaharia ungefikia kilomita 8,750, yaani nyongeza ya saa moja kwa ndege iendayo kilomita 900 kwa saa.

Lakini anga lina wenyewe. Mwaka 1983 shirika la ndege la Finnair lilipoanza safari za moja kwa moja hadi Tokyo, halikuwa na ruhusa ya kukatiza juu ya Siberia. Ndege zake zilizunguka kupitia Ncha ya Kaskazini. Baadaye ruhusa ilipatikana, na safari ikawa ya saa 9 na nusu hivi. Mwezi Februari 2022, baada ya vita vya Ukraine kupamba moto, Umoja wa Ulaya ulizifungia anga ndege za Urusi, nayo Urusi ikajibu vivyo hivyo. Tangu hapo ndege za Ufini hupita ama karibu na Ncha, ama kusini kupitia Asia ya Kati na China. Safari imekuwa ya takriban saa 13.

Nyongeza hiyo si ya uchovu tu. Mafuta ya ziada yana uzito, na kuubeba uzito huo kwahitaji mafuta mengine tena. Hivyo nafasi ya shehena hupungua. Huko Nchani, rubani hana budi kuangalia pia baridi ya mafuta yenyewe, kwani aina itumikayo sana, Jet A-1, yaweza kuanza kuganda ifikapo digrii 47 chini ya sifuri.

Ama kuhusu saa zilizoandikwa katika tiketi, tahadhari yahitajika. Wakati wa baridi Tokyo iko mbele ya Helsinki kwa saa 7. Abiria aondokaye Helsinki saa 11 jioni atatua Tokyo saa 7 mchana wa kesho yake. Akihesabu bila kuondoa tofauti hiyo, atadhani amekaa angani saa 20.