Injini Iliyofumuliwa Ikiwa Nzito Kuwaka

Mwenye Land Rover ya zamani huko Doldol, akiisha kulipa fedha nyingi ili injini ifumuliwe na kutiwa ringi na vali mpya, hutazamia kuwa asubuhi itawaka mara moja. Badala yake stata yalia, betri yaisha, na abiria wanaongoja kwenda Nanyuki wateremka kusukuma. Ndipo husikika shauri la kuifumua tena. Shauri hilo ni baya, tena ni la gharama. Mara nyingi kosa ni dogo, nalo li mahali palipoguswa na fundi. Laweza kuonekana bila kufungua kichwa cha injini.

Twasema hasa juu ya injini ya petroli ya silinda nne, ya sentimeta za ujazo 2,286, iliyoanza kutiwa katika Land Rover mwaka 1958.

Kwanza utazame waya mnene wa athi uungao injini na chesi. Mafundi hupenda kuipaka injini rangi, na rangi huzuia umeme. Injini mpya ni nzito kuzunguka. Stata hula umeme mwingi, na koili haibakiwi na nguvu ya kutoa cheche. Kwangua rangi mpaka chuma king'ae, kisha ukaze. Ikiwa gari lawaka kwa hendeli lakini si kwa stata, yaelekea ugonjwa u hapo au katika betri. Ushikapo hendeli, kidole gumba kiwe upande mmoja na vidole vingine, maana injini ikirudi nyuma yaweza kuvunja mkono.

Pili, pima nafasi ya pointi katika distributa: inchi 0.014 hadi 0.016. Fanya hivyo kabla ya kuweka majira ya moto, kwa kuwa nafasi hiyo ikibadilika, majira nayo hubadilika.

Sasa twaja kwenye kosa liwapotezalo wengi. Pistoni ya kwanza hufika juu mara mbili katika kila mzunguko kamili wa kazi yake: mara moja ikikandamiza hewa, mara nyingine ikitoa moshi. Alama ya puli huwa sawa mara zote mbili! Basi zima swichi, toa plagi zote, ziba tundu la kwanza kwa kidole, na mwenzako azungushe hendeli polepole. Hewa ikikisukuma kidole, endeleeni mpaka alama zikutane. Fungua kifuniko cha distributa: rota yapasa kuelekea waya wa plagi ya 1. Ikielekea ule wa plagi ya 4, injini haitawaka, bali itapiga mlio katika kabureta. Nyaya zahitaji kupangwa upya, si injini kufumuliwa. Utaratibu wa moto ni 1, 3, 4, 2. Nyaya za 2 na 3 zikibadilishana mahali, itawaka kwa taabu na kutetemeka.

Tapeti ziwe na nafasi ya inchi 0.010. Zikikazwa mno, vali hazifungi sawasawa.

Mwisho ni mkandamizo wa hewa. Nanyuki i juu ya bahari kwa zaidi ya meta 1,900, na uzito wa hewa huko ni kama sehemu nne kati ya tano za ule wa Mombasa. Injini ambayo ingeonyesha ratili 150 kwa inchi mraba pwani, huku huonyesha kama 120, na si mgonjwa. Asiyejua jambo hili huilaumu kazi njema ya fundi. Lakini silinda moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, mimina kijiko cha oili katika tundu lake, upime tena. Kipimo kikipanda, ni ringi, na ikiwa ni mpya zipewe muda wa kuzoeana na silinda. Kisipopanda, hewa yapita kwenye vali: rudia tapeti kwanza.