Somo la Mashamba ya Kongwa

Watu wa Mlali wakaa karibu na mashamba yaliyo somo kubwa kwa kila msimamizi na kila mtenda kazi. Maana katika wilaya yao ya Kongwa, mwaka 1947, ulianza mpango wa karanga wa serikali ya Uingereza. Vita vilikuwa vimekwisha, na Waingereza walipungukiwa na mafuta ya kula. Basi wakakusudia kulima mamilioni ya eka katika Tanganyika, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea.

Mwaka wa kwanza zilitakiwa eka 150,000. Hazikupandwa hata 10,000. Matrekta, mengi yakiwa yamekwisha kutumika penginepo, yaliharibika. Mvua zilikuwa chache, na udongo ulipokauka ukawa mgumu kama saruji. Januari 1951 serikali ilitangaza kuuacha mpango ule, nazo pauni zaidi ya 30,000,000 zimepotea.

Je, watu walikuwa wavivu? Hasha. Wengi walijitahidi katika jua na vumbi. Lakini desturi ya kazi ile ilikuwa na kosa: hesabu ya eka iliandikwa kwanza, ardhi ikaulizwa baadaye. Shauri lilikatwa London, wala si pamoja na Wagogo, waliojua tangu zamani kwamba mvua ya nchi yao haitumainiwi. Tena mwaka 1947 mgomo wa watu wa bandari ya Dar es Salaam, waliodai mshahara wa kutosha, ulienea bara hata Kongwa.

Twajifunza mambo mawili. Kwanza, mtu hujitoa kwa kazi ambayo yeye mwenyewe ana sehemu ndani yake. Tazameni majirani wanaoalikana kulima: mwenye shamba huwaandalia chakula, naye hushika jembe pamoja nao, kesho ataitwa kwao. Hakuna mnyapara, walakini shamba huisha. Pili, bidii peke yake haitoshi. Anayeshika jembe ndiye wa kwanza kujua kwamba udongo umekuwa mgumu. Akiogopa kusema, atanyamaza, na hasara itaongezeka.

Basi wewe uliyewekwa juu ya wenzako, shuleni, zahanatini au shambani, jiulize: ni nani aliyeniambia kosa la kazi yetu juma hili? Ikiwa hayupo, usiseme upesi kwamba watu wako hawana moyo. Nawe uliyeajiriwa, usifiche ubovu uuonao, wala usilegee kwa kuwa msimamizi ameondoka.