Shampuu ya Mtoto Mchanga: Maswali na Majibu

Je, ni kweli kwamba shampuu zisizowasha macho hutiwa ganzi ili mtoto asilie?

Uvumi huu umeletwa na wazazi wengi, baadhi wakidai kwamba ganzi hiyo hupofusha na wengine wakiuliza kama sabuni ya mche ndiyo salama zaidi, na kwa kuwa chanzo ni kimoja, wote wanajibiwa hapa. Hakuna ganzi. Shampuu yoyote husafisha kwa kemikali ambazo molekuli zake zina upande unaoshika mafuta na upande unaoshika maji, hivyo uchafu wa mafuta hung'oka na kwenda na maji. Katika shampuu nyingi za watu wazima kazi hiyo hufanywa na salfeti, ambazo hutoa povu jingi lakini hupenya ngozi na utando wa jicho na kuviwasha. Shampuu za watoto, tangu zile za Johnson's zilizotangazwa Marekani katika miaka ya 1950 kwa ahadi ya kutoleta machozi, hutumia zaidi visafishi vipole, kama kokamidopropili betaini itokanayo na mafuta ya nazi, ambavyo vikichanganyika na vingine hujikusanya katika mafungu makubwa yasiyopenya kwa wepesi.

Baadhi yake, aidha, hurekebishwa hadi pH, yaani kipimo cha uasidi na ualkali, iwe karibu 7, ikikaribiana na ile ya machozi. Ngozi, hata hivyo, haitaki kile linachotaka jicho, kwani hiyo hustawi katika uasidi kidogo, pH ya 5.5 hivi, kwa hiyo maneno "haitoi machozi" hayathibitishi lolote kuhusu ngozi, manukato wala vihifadhi. Kinachopaswa kusomwa ni orodha ya viambato nyuma ya chupa, na iliyo fupi, isiyo na manukato wala methiliisothiazolinoni, kihifadhi kinachojulikana kwa kuleta mzio, ndiyo ya kuchaguliwa. Sabuni ya mche, ambayo pH yake hufika 9 hadi 10 au zaidi, ilitengenezwa kwa ajili ya nguo, na kuisugua kwenye kichwa cha mtoto mchanga ni kumvua kinga ya ngozi ambayo bado inajengeka.

Mtoto wa wiki mbili afaa shampuu gani?

Hahitaji shampuu, maji ya vuguvugu yanatosha.

Ni ipi inayokuza nywele haraka?

Hakuna, na anayeiuza kwa ahadi hiyo anadanganya.

Magamba ya njano yanayonata kichwani yaondolewe kwa shampuu ya dawa?

Magamba hayo husababishwa na mafuta mengi ya ngozi pamoja na hamira aina ya malasezia, si na uchafu wala uzembe wa mama, na kwa kawaida huisha yenyewe katika miezi michache. Yapakwe mafuta ya watoto kidogo, yaachwe yalainike, kisha yapitishiwe brashi laini na kuoshwa kwa shampuu pole. Kuyabandua kwa kucha au kitana, kama inavyofanyika katika nyumba nyingi, huacha vidonda vinavyoingiza bakteria. Shampuu ya dawa itumike kwa maelekezo ya daktari tu.

Shampuu ya kupima sokoni, katika chupa isiyo na lebo, yafaa?

Haifai. Ikiongezwa maji, vihifadhi vyake hudhoofika na bakteria huzaliana ndani yake.

Utosi usiguswe wakati wa kuosha?

Unaweza kuoshwa kwa kiganja bila kubonyezwa, kwani chini yake kuna utando mgumu, na sehemu ya mbele hufunga mara nyingi kati ya mwezi wa 12 na wa 18. Linalosikitisha ni kwamba utosi uliobonyea bado hupakwa masizi na dawa za mitishamba, ilhali kubonyea huko huwa dalili ya mwili kupungukiwa maji, hasa baada ya kuhara au kutapika. Mtoto wa namna hiyo aendelee kunyonyeshwa njiani na afikishwe kituo cha afya siku hiyohiyo.